Mtumwa wa Nani? "Slave" ya Lucky Dube Masikioni mwa Wambaa

Mhakiki akiisikiliza albamu ya Slave (1987) ya Lucky Dube wa Afrika Kusini atasema upesi: wimbo uliobeba jina la albamu unahusu ulevi, mtumwa ni wa pombe. Sawa. Lakini hebu ipige kanda hiyo Wambaa, Pemba, karafuu zimeanikwa majamvini, uone kama neno hilo litakubali kubaki sitiari tu.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo shamba kuu. Waliochuma wengi ni watumwa. Amri ya 1897 haikuwaachia papo hapo: mtumwa alipaswa kwenda kuudai uhuru wake mahakamani, na masuria wakangoja mpaka 1909.

Basi, ndugu zangu, maudhui hayamalizwi na msanii peke yake. Dube, aliyeuawa Johannesburg 2007, alitunga chini ya ubaguzi wa rangi. Rege yake ilipovuka bahari, msikilizaji naye akaitia historia yake. Kijana wa Wambaa ana haki ya kuuliza: wazee wangu walikuwa wachumaji, au wenye shamba? Swali zito hilo, na aghalabu hupitwa kimya. Mhakiki asilipite.