Gari, Miguu na Neno "Hongo"

Mama yangu, mzaliwa wa Ugogo, aliniomba nimpeleke Bagamoyo akauone mji aliousikia katika masimulizi ya babu yake. Papo hapo ukazuka mjadala: tuendeshe gari letu kutoka Dodoma kupitia Morogoro, Chalinze na Msata, au tupande treni ya umeme, iliyoanza kufika kwetu mwaka 2024, hadi Dar es Salaam, kisha tushike basi? Mdogo wangu aliliunga mkono gari, akitaja magoti ya mama. Mimi nilikimbilia historia.

Katika karne ya 19 bidhaa zilisafiri baina ya pwani, Tabora na Ujiji juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliwaangamiza wanyama wa mizigo. Misafara iliyotoka pwani ilivuka nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake lenyewe lalalamikia uchungu wa maji, ndipo ikaingia Ugogo. Huko watemi walidai hongo: nguo, shanga, nyaya za shaba. Richard Burton aliyepita mwaka 1857, na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871, waliyaandika malipo hayo kwa hasira.

Leo hongo ni rushwa. Kwa maoni yangu, maana hiyo imebeba kinyongo cha msafiri na kumsahau mwenyeji. Katika nchi kame, kisima ni jasho la waliokichimba, na mtama ghalani ni uhai wa watoto hadi mvua ijayo. Msafara wa mamia ya watu ulikunywa na kula, ukaenda zake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hongo ilikuwa njia mojawapo ya kupona.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo, iliyokwisha kupokonywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, ikaachwa kando. Hata leo hakuna treni iendayo huko.

Tuliliacha gari nyumbani. Kwenda kwenye magofu ya Kaole tulikodi bajaji, kwani magoti ya mama hayakuwa hoja ya kupuuza. Lakini Mji Mkongwe tuliutembea, hatua chache kisha pumziko, kutoka baraza hadi baraza. Kwenye baraza moja, mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, alitoka akatukuta tumeketi. Hakuuliza sisi ni nani; alirudi ndani akaleta maji. Mama alikunywa, akafungua kikapu, akatoa zabibu za Dodoma.

"Pokea, mwanangu. Hii ni hongo yetu."

Yule mama alishtuka, akanitazama mimi. Nilipomweleza maana ya kale, alicheka, akazipokea kwa mikono miwili, akaketi nasi.

Lau tungekuwa garini, tungelipita baraza lile vioo vikiwa vimefungwa, bila kunywa maji ya mtu wala kudaiwa chochote. Enyi malenga, neno hili limechafuka mikononi mwetu. Ni nani atakayelitia katika beti, walau mara moja, likiwa na maana aliyoijua mwenye kisima?