Likasi: kutoka kapita mpaka burgumestre, raia aliongea na nani?

Mwizi akiingia usiku katika parsele moja ya Kikula, mara nyingi mlango wa kwanza kugongwa si wa polisi. Ni wa papa mkuu wa avenu. Yeye ndiye anaamsha majirani na kutuma kijana kwa mkuu wa kartie, na asubuhi habari inapanda mpaka kwa burgumestre wa komini na kwa komanda wa polisi. Kama ni bomba la REGIDESO limepasuka ao taa za SNEL zimezimika, njia ni ile ile. Wengi wanafikiri mpango huu ni wa juzi. Ukweli ni kwamba una karibu miaka 100, na kwa muda huo wote swali moja limekuwa likirudi: yule mtu anayesimama kati ya raia na wakubwa, anamjibu nani? Aliyemweka, ao wale anaokaa nao avenu moja?

Mji wenyewe ulizaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Kambove mwaka 1913, na kwenye vilima vya Likasi, Panda na Shituru vikajengwa viwanda na kambi. Kiwanda cha Shituru cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza kazi mwaka 1929. Miaka 2 nyuma yake mji ulipewa jina la Jadotville, juu ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni.

Katika kambi, mwenye neno alikuwa Mzungu aliyesimamia wafanyakazi, yule ambaye wazee wa Katanga walimwita changachanga. Chini yake alikuwa kapita, mtu mweusi, na askari wa kambi. Posho ikipungua, nyumba ikivuja, mke na mume wakipigana, mfanyakazi alipeleka neno kwa kapita. Kapita alilisikia. Lakini mshahara wake ulitoka kwa kampuni, na kampuni ingeweza kumrudisha kusukuma toroli siku yoyote. Kwa hiyo neno la mfanyakazi lilipanda likipungua, na amri ya changachanga ilishuka bila kupungua hata kidogo.

Nje ya kambi kulikuwa sité, mahali pa watu wasiofanya kazi kwa kampuni: mafundi, wachuuzi, maboyi wa Wazungu, wajane, vijana waliotafuta kazi. Dekre ya tarehe 23 Novemba 1931 ilileta mpango wa vituo vilivyoitwa centres extra-coutumiers, maana yake mahali ambapo watu weusi wanakaa nje ya utawala wa machifu wa kimila. Kituo kilikuwa na chifu wake, baraza, mahakama na mfuko wake wa pesa. Kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa. Kesi ya deni ao ya ugomvi wa parsele ilikatwa na watu waliojua Kiswahili cha mji na desturi za watu waliotoka pande nyingi. Lakini chifu na washauri waliwekwa na serikali ya Wabelgiji, na mtawala wa teritwari alikaa juu yao kama mlezi juu ya mtoto. Baraza lilitoa shauri, mlezi aliamua.

Desemba 1941 mpango huo ulipimwa. Ilikuwa vita, kazi iliongezwa, bei zilipanda, na mshahara haukufuata. Wafanyakazi wa Panda na Shituru waliacha kazi, na mgomo ukafika Élisabethville. Hapo, tarehe 9 Desemba, wagomaji walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuwepo mwenyewe na askari wake. Risasi zilipigwa, Mpoyi akafa pale pale, na makumi ya wengine pamoja naye.

Inafaa kuangalia ni nani hakuonekana katika habari hiyo. Kapita hakuonekana. Chifu wa kituo hakuonekana. Wafanyakazi walipokuwa na neno zito kweli, walimchagua mtu wao wenyewe, nje ya njia iliyopangwa. Wabelgiji waliona jambo hilo pia, kwa namna yao: kuanzia mwaka 1946 Union Minière ilikuwa na mabaraza ya wafanyakazi weusi ndani ya kampuni. Yalizungumza juu ya posho, nyumba na usafi. Juu ya mamlaka hayakuzungumza.

Kisha ukafika mwaka 1957, na hapo Likasi ina sehemu yake katika historia ya Kongo nzima, ijapokuwa watoto wa shule hawafundishwi sana. Dekre ya tarehe 26 Machi 1957 juu ya miji iligawa miji mikubwa kuwa komini, kila moja na baraza na burgumestre. Desemba ya mwaka ule kura ilipigwa katika miji 3 tu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Ilikuwa kura ya wanaume peke yao, wenye miaka 25 na zaidi. Akina mama, ambao ndio waliobeba ndoo za maji na kupanga foleni za unga, hawakuulizwa. Raia walichagua washauri, na burgumestre alithibitishwa na Wabelgiji. Juu ya mji mzima alikaa burgumestre mkuu, Mbelgiji, aliyewekwa na serikali, na askari walibaki chini ya Wabelgiji. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza, mtu wa kati alikuwa na deni kwa waliompigia kura.

Burgumestre wa Kikula aliyetokea katika kura hiyo alikuwa Victor Lundula, Mtetela, aliyekuwa ametumika katika Force Publique wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtu wa Sankuru, amechaguliwa kuongoza komini ya Katanga. Kwa wakaaji wengi wa Kikula hakukuwa ajabu: mji ulijengwa na watu kutoka kila upande, na mpiga kura alimtafuta mtu anayejua kusoma barua ya mtawala na kuijibu. Lakini Élisabethville mambo yalifanana na hayo: katika komini 4 za watu weusi, burgumestre 3 walikuwa watu wa Kasai na mmoja wa Kivu. Watu waliojiita Wakatanga halisi walihesabu, na hesabu haikuwapendeza. Oktoba 1958 wakaunda CONAKAT, chama ambacho baadaye kiliongozwa na Moïse Tshombe. Kura iliyompa raia sauti kwenye komini ndiyo hiyo hiyo iliyofungua swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Yeyote anayetaka kusema juu ya usalama wa kartie katika Likasi asiruke hapo.

Lundula hakukaa sana. Julai 1960 askari wa Force Publique waliasi dhidi ya maofisa wao Wabelgiji, na Waziri Mkuu Patrice Lumumba akamteua burgumestre wa Kikula kuwa jenerali na mkuu wa jeshi jipya la taifa. Mkuu wake wa majeshi, aliyekuwa chini yake, aliitwa Joseph-Désiré Mobutu. Kutoka kwenye mambo ya maji, masoko na karatasi za kuzaliwa mpaka kuongoza jeshi la nchi nzima! Septemba ya mwaka ule Lundula alikuwa ameondolewa tayari.

Siku chache baada ya uteuzi wake, tarehe 11 Julai 1960, Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi. Septemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, karibu 155, chini ya Pat Quinlan, walizungukwa hapa Jadotville kwa siku 5 mpaka risasi na maji vikawaishia. Kuna filamu ya mwaka 2016 juu ya vita hivyo. Anayeitazama akimtafuta mkaaji wa Kikula atachoka macho. Askari wa UN waliingia mjini Januari 1963, na mwaka 1966 jina la Jadot likaondolewa. Mji ukawa Likasi.

Wakati wa Mobutu, komini ziliitwa zone, burgumestre akaitwa komisere, na chama cha MPR kikashuka mpaka kwenye avenu. Kila mtu alikuwa mwanachama, hata mtoto tumboni, kama ilivyosemwa. Salongo ilitoa watu nje kufagia na kuzibua mifereji, na si uongo kwamba mifereji ilizibuka. Lakini mkuu wa avenu alikuwa sasa pia sikio la chama, na mtu mwenye shida alipima maneno mbele ya kumfikia. Mwaka 1972 polisi iliunganishwa na jeshi ndani ya Gendarmerie. Badiliko hilo lilipita bila kelele, na lilikuwa kubwa: jandarme alipokea amri kutoka kwa mkubwa wake wa kijeshi, mbali. Mkuu wa zone aliweza kumwomba msaada. Kumwamuru ilikuwa jambo jingine. Garde civile iliyoongezwa mwaka 1984 haikurekebisha hilo.

Matunda yake yalionekana mwaka 1992. Gécamines, iliyorithi Union Minière, ilikuwa ikianguka: kutoka karibu tani 470,000 za shaba katika miaka ya katikati ya 1980 mpaka chini ya 50,000 mwaka 1993. Mishahara ilichelewa, duka za kampuni zilikuwa tupu, na kila kazi iligombaniwa. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa jimbo, lililoitwa Shaba wakati ule, alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha UFERI kama Nguz. Neno bilulu, wadudu, lilikuwa limekwisha kuzoeleka katika mikutano kama jina la watu wa Kasai.

Katika Likasi vijana wa UFERI walipita parsele kwa parsele. Nyumba zilichomwa, watu walipigwa, wengine waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbilia kituo cha reli na mashule, wakalala kule wiki baada ya wiki wakingojea treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona kwa macho. Watoto walikufa kwa njaa na magonjwa kwenye kituo na ndani ya mabehewa. Jandarme walikuwa mjini wakati wote huo. Hawakuzuia.

Hapo ndipo kazi ya usalama wa kartie inaonyesha uso wake wa pili. Kujua nani anakaa parsele gani na ametoka wapi ni nguvu ya jirani mwema; ndiyo inayomfanya mgeni wa usiku aonekane upesi. Agosti 1992 ujuzi huo huo ulionyesha nyumba za kuchoma. Walikuwepo pia majirani walioficha majirani, na wengine walitunza funguo za nyumba za watu mpaka wenyewe waliporudi. Lakini walifanya hivyo kwa moyo wao, bila ofisi wala sheria ya kuwasaidia.

Polisi ya Taifa, PNC, iliundwa baada ya hayo yote, na sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 ndiyo inayoipanga leo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji na komini inasema wazi kwamba burgumestre ana kazi ya kutunza utulivu katika komini yake, na kwa kazi hiyo anatumia polisi waliowekwa hapo. Kwa hiyo lile lililopotea mwaka 1972 limerudi, angalau kwa maandishi. Mahali pengine walijaribu kulijaza. Bukavu, Kananga na Matadi zilikuwa miji ya kwanza kupata mabaraza ya usalama wa karibu, ambamo viongozi wa mji, polisi na wajumbe wa raia wanakaa meza moja, wanaandika shida za kila kartie, kisha wanapanga nani afanye nini. Faida yake ni karatasi. Shida ikiandikwa mbele ya komanda na burgumestre, mama wa sokoni anaweza kurudi mwezi ujao na kuuliza imefikia wapi.

Swali la zamani linabaki pale pale lakini. Sheria hiyo ya 2008 inataka washauri wa komini wachaguliwe na raia, nao wamchague burgumestre. Kartie yenyewe haina baraza la kuchaguliwa. Mkuu wake anawekwa na serikali. Miaka ilipita, kura za komini zikiahirishwa, na burgumestre wakiteuliwa kutoka juu. Wakati huo Kodi ya Madini ya 2018 ilisema 15% ya malipo ya kampuni za madini iende kwa mji, komini ao sekta ambamo uchimbaji unafanyika. Pesa zimeanza kushuka mpaka chini mbele ya wachaguliwa kushuka.

Tarehe 20 Desemba 2023 kura ya washauri wa komini ilipigwa mwishowe, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Lubumbashi ilichagua. Komini 4 za Likasi, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru, hazikuwa kwenye orodha. Kijana wa Kikula aliyeingia chumba cha kura siku ile alichagua rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Kura ya komini, ile ambayo wanaume wa Kikula waliipiga mwaka 1957, yeye hakupewa.