Utoshelevu

Maofisa kilimo wamezoea kusema “utoshelevu wa chakula”. Neno hili, lililotokana na kitenzi “tosha”, linastahili kutumika pia kwa maji ya mpunga. Utoshelevu wa maji ni jaruba kupata kiasi ambacho mmea unahitaji, kwa wakati wake. Lisichanganywe na “ufanisi”, yaani sehemu ya maji yaliyofunguliwa mferejini ambayo kweli huufikia mmea. Skimu ya umwagiliaji yenye uhaba wa maji huweza kuonekana ina ufanisi mkubwa huku majaruba ya mwisho yakipasuka kwa ukame. Mfano wa uhaba huo ni skimu ya Lower Moshi, Kilimanjaro, iliyokamilika 1987: ilipungukiwa maji baada ya wakulima wa juu ya mto nao kuanza kulima mpunga. Kabla ya kusifu ufanisi, tumuulize mkulima wa mwisho wa mfereji: yametosha?