Kekee ya betri

Kekee ya betri, ambayo mafundi wengi huiita drili ya chaji, ni mashine ya mkononi ya kutobolea na kufungia skrubu inayotumia betri ya kuchajiwa badala ya waya wa umeme. Afrika Mashariki huonekana zaidi mikononi mwa mafundi wa dari za jipsamu, madirisha ya aluminiamu, fanicha na sola, ambao mara nyingi hufanya kazi katika nyumba ambayo umeme bado haujaingizwa.

Kekee ya kwanza ya aina hii ilitolewa na Black & Decker ya Marekani mwaka 1961. Ilitumia betri za nikeli-kadimi, ambazo seli yake moja hutoa volti 1.2 tu. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, lakini mafundi walisubiri hadi 2005, Milwaukee na Makita walipozitia kwenye mashine za kazi nzito.

Uimara wa kekee huamuliwa kwanza na betri, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupunjwa. Betri ya volti 18 ina seli tano zilizoungwa mfululizo, kila moja volti 3.6. Seli zikitoka kwenye chaji hukaribia volti 4, ndiyo maana mashine zinazoandikwa volti 20 huko Marekani ni zilezile za 18. Hilo ni pambo la biashara tu. Lililo baya zaidi ni betri ya seli tano kubandikwa namba kama 48, 88 au 128: namba hizo hazina uhusiano wowote na umeme uliomo ndani. Uwezo wa kudumu na chaji hupimwa kwa ampea-saa, nao pia hudanganywa, ila mizani haidanganyiki kirahisi. Seli ya kawaida, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hivi, na betri ya ampea-saa 5 huhitaji seli kumi za aina hiyo, yaani mifululizo miwili ya seli tano. Hata zikitumika seli nene zaidi, betri inayodaiwa kuwa na ampea-saa 5 lakini haifikishi gramu 350 pamoja na ganda lake ni ya uongo. Iombe dukani uipime mkononi.

Mota ni za aina mbili. Yenye kaboni ni ya bei nafuu. Kaboni huisha kwa kusuguana, lakini fundi yeyote wa mota huzibadilisha kwa dakika chache. Isiyo na kaboni huzungushwa kwa saketi ya elektroniki, haipotezi nguvu nyingi kwa joto na hudumu na chaji zaidi. Saketi hiyo ikiungua, gharama yake inaweza kukaribia bei ya mashine mpya. Kwa anayefanya kazi mjini, karibu na wauza vipuri, isiyo na kaboni ndiyo bora. Kwa fundi wa kijijini sifa hiyo haina uzito uleule.

Gia ziwe za chuma, na kichwa kishike biti ya hadi milimita 13. Kabla ya kulipa, funga biti ndefu iliyonyooka na uiendeshe polepole: ncha ikichora duara badala ya kutulia mahali pamoja, kichwa au mhimili umepinda.

Chaja nayo ikaguliwe, hasa kwenye mitumba. Inayotoka Japani hutengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 au wa Kenya wa 240, itaungua papo hapo isipokuwa kama imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Joto pia ni adui wa lithiamu. Betri isiachwe juu ya bati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, na iliyotoka kazini ikiwa ya moto ipoe kwanza ndipo ichajiwe.

Kekee yenye uwezo wa kugonga hutoboa tofali na plasta bila shida, na zege kwa matundu machache. Anayetoboa zege kutwa nzima anunue mashine ya nyundo yenye mfumo wa kushika biti uitwao SDS, kwa sababu kekee ya kawaida itamfia mkononi hata iwe ya bei gani.