Mikate ya Mchele katika Delta ya Rufiji

Aghalabu tuzungumzapo utamaduni wa taifa letu, fikira zetu huelekea kwenye ngoma, mashairi na michezo ya jadi. Mapishi husahauliwa, hasa yale ya vitu vitamu, kana kwamba ni mambo ya kitoto. Hata hivyo, kitumbua cha Nyamisati au Mbwera kina historia ndefu ndani yake, na historia hiyo yafaa kuandikwa.

Chanzo chake ni mto. Rufiji inapokaribia bahari hugawanyika katika matawi mengi kati ya misitu ya mikoko, na mafuriko huacha tope lenye rutuba. Humo wenyeji walilima mpunga, wakijenga madungu marefu ili walinde mashamba dhidi ya ndege na nguruwe. Katika karne ya 19 majahazi yalichukua mchele wa huko pamoja na boriti za mikoko, na sifa ya nchi hiyo ikaenea hata ikaitwa Calcutta Ndogo. Watu waliowalisha wengine hawakukosa kujitengenezea vyao vitamu.

Vitumbua na mkate wa kumimina hutokana na mchele ule ule. Mchele hulowekwa usiku kucha, hutwangwa, kisha huchanganywa na tui zito na iliki. Kabla hamira ya dukani haijaenea, tembo la mnazi ndilo lililoumua unga. Vitumbua hukaangwa, mkate wa kumimina hutiwa chomboni, ukapaliwa makaa chini na juu ya kifuniko, hata ukaiva pande zote bila tanuri. Utamu ulitokana na asali ya msituni au sukari guru. Mpunga usiokomaa vizuri nao ulikaangwa na kupondwa kuwa pepeta, ikaliwa na nazi. Kwa hiyo shamba, mnazi na msitu vilikutana katika sahani moja, siku za Maulidi, Idi na arusi.

Mambo yalianza kubadilika kwa sababu nyingi. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamishia wakazi wengi wa bonde kwenye vijiji vya nyanda za juu. Huko walipata shule na zahanati, lakini mashamba yao ya mpunga yakawa mbali. Unga wa ngano nao ukaenea madukani, na andazi likachukua nafasi ya kitumbua katika vibanda vingi vya chai. Ngano haioti katika delta. Tena sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania hununuliwa ng'ambo. Hivyo mama auzaye maandazi hutegemea bei asiyoweza kuipanga, ilhali mpunga umo shambani mwa jirani yake.

Husemwa kuwa mwacha mila ni mtumwa. Tusisahau, lakini, kwamba mila ya kutwanga ilimtumikisha mwanamke tangu alfajiri. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini haikuua kitumbua, bali ilimpumzisha mpishi. Mila inayostahili kuhifadhiwa ni ile ya kujilisha kwa kilichomo nchini; kinu kinaweza kustaafu.

Leo jambo hili lina uzito zaidi. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji, na mwendo wa mto umeingia katika mikono ya binadamu. Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Maji yakizidi, mpunga huzama. Yakipungua mno, tope halifiki na chumvi ya bahari hupanda. Wapangao mgawo wa maji hawana budi kukumbuka kwamba nyuma ya umeme kuna shamba, na nyuma ya shamba kuna jiko. Shule za Kibiti nazo zaweza kuwafundisha wanafunzi mapishi haya pamoja na kilimo chake, maana mkate wa mchele hauwezi kudumu pasipo mpunga.