Publisher inaondoka Oktoba 2026: Mambo ya kujua kwa steshenari za Katesh, Mbulu na Haydom

Kadi ya mchango wa harusi, ratiba ya mazishi, cheti cha mahafali, tangazo la mnada, kitambulisho cha kikundi cha vikoba. Peleka kazi ya namna hiyo kwenye steshenari kuanzia Endasak hadi Dongobesh, na uwezekano ni mkubwa itatengenezwa kwa programu moja: Microsoft Publisher.

Programu hiyo sasa inafungasha virago. Microsoft ilishatangaza kwamba Oktoba 2026 ndiyo mwisho wake. Tarehe 13 mwezi huohuo, Office 2021 nayo inafika ukingoni, na muda wa nyongeza uliotolewa kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 unaisha. Mambo matatu kwa mpigo, na yote yanamgusa mtu anayeishi kwa kuchapa na kuprinti.

Hapa tumekuwekea kila kinachohusika. Hifadhi ukurasa huu, utauhitaji.

Publisher: nani anaguswa, kwa namna gani

Publisher ipo tangu 1991. Si programu ya kifahari, wataalamu wa usanifu huwa wanaicheka, lakini kwa mtu wa steshenari ni jembe. Unavuta picha, unaweka boksi la maneno, unabadilisha jina la bwana harusi, unaprinti. Dakika kumi mteja ameondoka.

Watumiaji wako wa aina mbili. Wa kwanza ni wanaolipia Microsoft 365 kwa mwezi au kwa mwaka. Hawa, Oktoba 2026 ikishapita, Publisher haitawafungulia tena mafaili yao yanayoishia na .pub. Hawataweza kuhariri, wala hata kuyaangalia humo.

Wa pili ni wenye Office ya kununua mara moja, kama 2016, 2019 au 2021. Kwao programu itaendelea kuwaka kwenye mashine, ila haitapata marekebisho wala ulinzi mpya. Kikiharibika kitu, hakuna wa kukirekebisha.

Steshenari nyingi za huku ziko kundi la pili, kwa hiyo ni rahisi mtu kusema "mimi hainihusu". Kwa leo, kweli. Shida itakuja siku kompyuta ikifa na ukanunua nyingine. Office 2024 haina Publisher kabisa, hata ukitafuta usiku kucha hutaiona. Ndipo utakuwa na flashi yenye sampuli za miaka minane na hakuna mlango wa kuzifungulia, mteja kasimama kaunta na harusi ni Jumamosi.

Na hizo sampuli ndizo mtaji wenyewe. Mashine unaweza kukopa ukanunua nyingine, lakini mpangilio wa kadi ambao wateja wa Katesh wameuzoea umeujenga mwenyewe usiku na usiku.

Cha kufanya ni hiki. Fungua sehemu ya mafaili kwenye kompyuta, andika *.pub kwenye kisanduku cha kutafutia, usubiri. Utashangaa yako mangapi. Yagawe mafungu mawili: yale ambayo kazi yake ilishakwisha na unayatunza kwa kumbukumbu tu, na yale unayoyarudia kila msimu.

Ya kumbukumbu yahifadhi kama PDF ukiwa bado na Publisher inayofanya kazi. PDF itafunguka popote, hata kwenye simu. Ubaya wake ni kwamba kuihariri baadaye ni kazi. Word inaweza kuifungua, ila kama kadi ina picha nyingi na maboksi, mpangilio utavurugika.

Yale ya kurudia kila msimu yanahitaji kujengwa upya kwenye programu nyingine. PowerPoint inafaa kuliko wengi wanavyodhani: unabadilisha ukubwa wa ukurasa uwe A4 au A5, kisha unapanga maneno na picha kama ulivyozoea. Njia nyingine ni LibreOffice, ambayo ni ya bure. Sehemu yake inayoitwa Draw ina uwezo wa kufungua faili la .pub lenyewe. Usitegemee kila kitu kikae palepale, fonti huhama na picha huteleza, lakini ni bora kunyoosha kilichopinda kuliko kuanza na karatasi nyeupe. Jaribu kwanza na kadi moja ngumu, yenye maua na mapambo yote, ndipo uamue.

Canva nayo ipo, vijana wengi wanaipenda na inafanya kazi hadi kwenye simu. Ila inataka intaneti, na kwa mtandao unaokatikakatika, kumwahidi mteja kadi ya Canva ni kujitafutia maneno.

Usingoje Oktoba yenyewe. Kipindi hicho ni cha mahafali ya kidato cha nne, na hakuna steshenari itakayokuwa na muda wa kubadilisha mafaili huku shule tatu zinasubiri vyeti.

Windows 10: ulinzi ulishakwisha, nyongeza ipo

Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyohiyo Office 2016 na Office 2019 nazo zilifikia mwisho. Kama unatumia za nyuma zaidi, hali iko hivi: Windows 7 iliachwa 14 Januari 2020, Office 2010 iliachwa 13 Oktoba 2020, na Office 2013 ikafuata 11 Aprili 2023.

Kuachwa maana yake si kuzima. Mashine inawaka, Word inafunguka, barua inaandikika. Kinachokosekana ni viraka vya kuziba matundu ya usalama, na kwa mashine inayopokea flashi za watu hamsini kwa siku, hilo si jambo dogo.

Hujui unatumia ipi? Bonyeza kitufe cha Windows, andika winver, bonyeza Enter. Kwa Office, fungua Word, nenda File kisha Account, jina la toleo liko hapo.

Kwa Windows 10 toleo la 22H2, Microsoft ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza ya ulinzi kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipia dola 30, ambazo zinakaribia Sh 75,000 kutegemea dola iko wapi siku hiyo. Lakini kuna njia ya bure: ingia kwa akaunti ya Microsoft, ruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe mtandaoni, na nafasi unapewa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Windows Update, utaona mwaliko wa kujiunga. Kompyuta za ofisi zilizounganishwa kwenye mfumo wa taasisi haziingii humu, zina utaratibu wake wa kulipia.

Kuhamia Windows 11 ni bure kama Windows 10 yako ni halali, shida ni mashine. Inataka angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani. Kwa Intel, kwa ujumla ni kizazi cha nane kwenda mbele. Hizi laptopu za mtumba zinazoingia nyingi ni kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, angalia jina la prosesa. i5-6300 ni kizazi cha sita, i5-8250 ni cha nane. Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokupa jibu kwa hizi zenye tarakimu nne. "Ina SSD, ina spidi" siyo jibu la swali hilo.

Kwa nini bando linaisha Jumatano

Hili watu wengi hawalijui. Masasisho ya ulinzi ya Microsoft yana siku yake: Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa 2 usiku, au saa 3 usiku katika miezi ambayo wao wamerudisha saa nyuma.

Sasa mtu wa Haydom amefunga duka saa 12 jioni. Jumatano asubuhi anawasha kompyuta, anaiunganisha na simu yake ili atume barua pepe moja tu ya mteja. Kompyuta inaona intaneti, inaanza kupakua. Sasisho moja linaweza kuwa mamia ya MB, mara nyingine linapita GB moja. Bando la wiki limekwenda kabla ya chai ya saa nne, na lawama zote zinaangukia mtandao wa simu.

Dawa: ukiwa umeunganisha simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, bofya jina la mtandao huo, uwashe chaguo la "Metered connection". Hapo unaiambia kompyuta kwamba intaneti hii inapimwa, na masasisho mengi yatasubiri. Kisha tafuta siku moja kwa mwezi ya kuyapakua kwa makusudi, mahali penye Wi-Fi nzuri au usiku ukiwa na bando la usiku. Kuyazuia moja kwa moja ndiko kunakoleta majanga.

LibreOffice ina kalenda tofauti. Inatoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Februari na Agosti, na jina la toleo ni mwaka na mwezi: 25.2 ni Februari 2025, 25.8 ni Agosti 2025. Faili lake la kusakinisha kwa Windows ni kama MB 350, unalipakua mara moja na kulisambaza kwa flashi kwenye mashine zote za ofisi, hakuna sheria inayovunjwa. Ila kuanzia 25.8 halikubali tena Windows 7 wala Windows 8.

CV iliyohama mistari

Malalamiko ya kila siku: mteja katuma CV kwa WhatsApp, kwenye simu yake ni kurasa mbili, ukiifungua dukani ni tatu na jedwali limekatika.

Mara nyingi sababu ni fonti. Kuanzia 2007 Word ilikuwa inaanza na Calibri. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza fonti mpya, Aptos, na sasa Word mpya zinaanza nayo. Office 2010 haiijui, inaweka fonti nyingine badala yake, na mistari yote inasogea. Mwambie mteja atume PDF kama hakuna cha kubadilisha. Kama kipo, badilisha maandishi yote yawe Times New Roman au Arial kabla hujaanza kurekebisha nafasi. Ukianza kurekebisha nafasi kwanza utakesha.

Office za kraki

Tuseme ukweli, Office nyingi mitaani hazikununuliwa. Mtu anakuja na flashi, anazima antivairasi, anabofya kiprogramu, anachukua hela yake, anaondoka. Kile kiprogramu kilichotaka antivairasi izimwe ndicho mara nyingi kinachobaki na kazi nyingine humo ndani. Ukiona mafolda ya kwenye flashi yote yamegeuka njia za mkato, ujue mashine yako inawaambukiza wateja.

Zipo njia halali zisizo na gharama. LibreOffice ni moja. Word na Excel za kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, pamoja na GB 5 za kuhifadhi mafaili. Google Docs inakupa GB 15 kwa ujumla, na ukiitumia kwa Chrome unaweza kuiwezesha ifanye kazi hata intaneti ikikatika.

Nakala nje ya duka

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, nyumba na maduka vikafukiwa. Mbele ya msiba wa namna ile, faili la kompyuta si kitu. Lakini waliobaki walilazimika kuanza tena biashara, na kwa mtu wa kuchapa, kuanza tena bila sampuli hata moja ni kuanza chini ya sifuri.

Diski ya nje inayokaa kwenye droo ya meza ileile yenye kompyuta haikusaidii kwa mafuriko, moto wala mwizi. Ipeleke nyumbani. Na zile sampuli muhimu, ambazo kwa kawaida hazizidi MB chache kila moja, zipandishe kwenye akaunti ya mtandaoni kidogokidogo. GB 15 za Google zinatosha kwa kadi na vyeti vya miaka mingi.

Vipi kuhusu Kiswahili?

Kompyuta kuzungumza Kiswahili si jambo jipya. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilizindua Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ya leo imetokana na OpenOffice, na inakuja na kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, jambo linalookoa aibu kwenye barua za kwenda halmashauri.

Kamusi hiyo haijui majina ya Kiiraqw wala Kidatoga. Balangdalalu, Endagikot na jina la babu yako yatapigwa mstari mwekundu. Bofya upande wa kulia wa kipanya juu ya neno, chagua kuliongeza kwenye kamusi, na halitakusumbua tena.