Jino Lililonyamaza

Kwetu Korogwe, ukimuuliza mtu yeyote wa ukoo wetu mjomba alikufa kwa nini, utapata jibu moja: alitupiwa kitu cha shingo. Nimekua na jibu hilo. Nilipokuwa mdogo nilidhani "kitu cha shingo" ni jina la ugonjwa, kama surua. Mjomba alikufa mwaka 1986, mimi sijazaliwa bado, mama yangu akiwa msichana wa darasa la tano. Alikuwa kijana wa miaka 24, mkata mkonge, mwenye kifua, mchezaji mpira. Ijumaa alikuwa kazini, Jumatano wakamzika. Na kabla ya arobaini yake, mama mmoja jirani, ambaye walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba, alifungasha vyombo, akawachukua wanawe, akahama kijiji. Hakuna aliyemfukuza kwa fimbo, bibi husema kila mara. Lakini ndugu msomaji, wewe na mimi tunajua jinsi watu wanavyoweza kumfukuza mtu bila fimbo.

Sikuwa na sababu ya kulitilia shaka jibu hilo, mpaka jino langu mwenyewe liliponifundisha.

Ilikuwa mwaka 2021, nasoma chuo Dar es Salaam. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa na tundu la muda mrefu ambalo nilikuwa nimezoea kulichokonoa kwa kijiti. Usiku mmoja likaanza. We acha tu! Anayesema maumivu ya jino ni madogo hajaumwa. Nilisukutua maji ya chumvi, nikameza Panadol, nikachovya pamba katika mafuta ya karafuu nikaibana kwenye tundu. Karafuu inatia ganzi kweli, si uzushi wa wazee, ila ganzi yake ni ya muda. Siku ya tano maumivu yakakatika ghafla, kama mtu kazima redio. Nikamshukuru Mungu, nikaenda kula nyama choma na wenzangu.

Wiki tatu baadaye niliamka shavu limevimba. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa vidonge vya rangi mbili bila kuulizwa lolote. Uvimbe ukanywea. Siku ya tatu nikaviacha, maana mtu akishapona anameza dawa za nini? Uvimbe ukarudi, safari hii si shavuni bali chini ya taya, mgumu kama ubao, na mdomo ukawa haufunguki zaidi ya kupitisha kijiko. Nilikuwa na homa. Ilikuwa saa nne ya usiku, nikampigia mama simu kumwambia kwamba kesho asubuhi nitakwenda hospitali.

Mama akanyamaza. Kisha akaniuliza swali la ajabu: "Ulimi wako umekaaje?"

"Ulimi umefanya nini tena, mama?"

"Umenyanyuka? Unameza mate?"

Mate nilikuwa nayameza kwa shida. Nikamwambia hivyo.

"Toka hapo sasa hivi," akasema. "Usingoje asubuhi. Mwamshe mwenzako akupeleke."

Nilipelekwa usiku uleule. Daktari alinichoma dawa ya mshipa, akapasua, akatoa usaha ambao harufu yake sitaki kuielezea hapa, na jino likang'olewa. Siku ya pili nilimwambia kuwa jino lile lilikuwa limekwisha kupona wiki tatu nyuma. Akacheka kidogo. "Halikupona," akasema. "Lilikufa."

Neno hilo moja ndilo lililonipeleka maktaba. Huko niligundua kwamba jambo lililonipata mimi, na lililompata mjomba, ni la zamani kupita kiasi.

Mwaka 1921 wachimbaji wa madini ya risasi na zinki mahali palipoitwa Broken Hill, ambapo leo ni Kabwe nchini Zambia, walikuta fuvu la mtu wa kale. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria umri wake kuwa kama miaka 300,000. Mtu huyo hakupata kunywa soda wala chai ya sukari, lakini meno yake ya juu kumi yametoboka, na katika mfupa wa taya kuna alama za majipu. Wapo wataalamu wanaofikiri kwamba maambukizo ya meno au ya sikio huenda ndiyo yaliyomuua. Fuvu lenyewe lilipelekwa London na Zambia imelidai kwa miaka mingi. Hiyo ni kesi nyingine, ingawa mimi huona uchungu kwamba mgonjwa wa meno wa zamani namna hii amelazwa mbali na kwao. Hata Farao Ramesses II, ambaye hakukosa waganga, mwili wake uliokaushwa una dalili za jipu katika taya ya chini.

Watu hawa waliambiwa nini na waganga wao? Wa Kabwe hatujui. Lakini Wababeli walituachia bamba la udongo lenye maneno ya kuaguliwa jino. Humo yamo masimulizi ya mdudu aliyelia mbele ya mungu, akakataa kupewa matunda kuwa chakula chake, akaomba akae baina ya meno na fizi. Niliposoma hayo nilishtuka. Kumbe mdudu wa jino, ambaye bibi yangu anamtaja kila siku, ana umri wa maelfu ya miaka na amewahi kuishi Babeli! Na jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba baada ya maneno yote ya uganga, bamba linamwelekeza mganga aingize kipini na kuushika mguu wa mdudu. Wapo wanaosoma hapo kwamba mguu huo ni mzizi wa jino. Maana yake, hata aliyeamini mdudu alijua kwamba maneno matupu hayatoshi, sharti mkono uingie kinywani.

Mdudu huyo alisumbua hadi Ulaya. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard, anayehesabiwa kuwa baba wa udaktari wa meno wa sasa, aliandika kwamba alimtafuta kwa hadubini asimwone. Aliyepata karibu na ukweli ni Mmarekani W. D. Miller, aliyefanya kazi Berlin. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 alieleza jinsi vijidudu vya kinywani vinavyogeuza sukari na wanga kuwa asidi, na asidi ikalila jino. Kwa hiyo bibi hakukosea sana. Mdudu yupo, ila ni wengi mno na hawana miguu.

Sasa turudi kwenye lile neno la daktari, maana hapo ndipo penye siri yote. Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vikiifikia, inavimba ndani ya chumba kisichotanuka, ndiyo maana maumivu yake humfanya mtu mzima alie. Baada ya siku kadhaa nyama hiyo hufa. Ikifa, hakuna tena wa kupiga kelele. Jino linanyamaza na mwenye jino anasema amepona, kumbe vijidudu vinateremka taratibu hadi ncha ya mzizi, vinaingia kwenye mfupa, na usaha unaanza kujikusanya. Usaha hutafuta njia. Ukitokea kwenye ufizi, unapata kipele kinachopasuka na kuacha ladha mbaya mdomoni, kisha kinajaa tena. Huyo ana bahati, ingawa bado anahitaji daktari. Lakini mizizi ya magego ya chini ya nyuma huteremka hadi chini ya pale ulipojishikiza msuli unaobeba ulimi. Usaha ukitobolea upande huo, huingia chini ya taya na chini ya ulimi, uvimbe unausukuma ulimi juu na nyuma, na njia ya hewa inazibwa.

Aliyeueleza ugonjwa huo kwa makini ni daktari wa Stuttgart, Ujerumani, jina lake Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836. Mpaka leo unaitwa kwa jina lake, angina ya Ludwig, na neno angina limetokana na Kilatini lenye maana ya kukaba. Kabla ya dawa za kuua bakteria, zaidi ya nusu ya waliougua walikufa. Soma maelezo ya madaktari: shingo ngumu kama ubao, homa, mdomo haufunguki, mate yanamtoka mgonjwa kwa kuwa hawezi kumeza, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani, hawezi kulala chali, anakaa wima akitafuta pumzi. Niliyasoma maelezo hayo nikasikia mwili unasisimka. Nilikwisha kuyasikia yote, neno kwa neno, kutoka kwa mama.

Hapo nikaanza kuuliza upya. Mama akanieleza jambo ambalo katika hadithi ya "kitu cha shingo" halikutajwa kamwe: mwezi mmoja kabla, mjomba aliumwa gego siku nne hata akapiga kichwa ukutani. Kisha likaacha. Hakuna aliyeliunganisha gego na shingo. Wangeliunganishaje? Jino lilikuwa limekwisha kunyamaza! Uvimbe ulipotokea siku ya Jumamosi, mganga wa kijiji alichanja shingo kwa wembe akapaka dawa. Na huyu huyu mganga, mama ananiambia, ndiye aliyekuwa akiwatoa watoto wachanga "meno ya plastiki". Wasomaji wa umri wa wazazi wangu wanaikumbuka hofu ile ya miaka ya 1980, mtoto akiwa na homa na kuharisha watu wanasema ana meno ya plastiki, anakwanguliwa ufizi na chipukizi za meno zinang'olewa bila ganzi. Watoto walioponea malaria walipata kidonda na maambukizo kinywani. Basi katika kijiji kile kile, meno yasiyokuwa na ugonjwa yaling'olewa kwa haraka na jino lililokufa likaachwa.

Siwalaumu. Madaktari wa meno walikuwa wachache mno. Mafunzo ya shahada yao pale Muhimbili yalikuwa yameanza mwishoni mwa miaka ya 1970 tu. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu. Na mimi niliyekuwa na daladala mlangoni nilifanya nini? Nilikula nyama choma.

Dawa nazo zimetupumbaza kwa namna yake. Fleming aligundua penisilini London mwaka 1928, na mwaka 1941 huko Oxford polisi mmoja, Albert Alexander, alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo kwa maambukizo makali. Alianza kupona kwa namna ya kustaajabisha. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno hata wakawa wanaichuja kutoka katika mkojo wake ili wamdunge tena. Ikaisha, ugonjwa ukarudi, akafa. Yeye aliikosa. Mimi niliiacha kwa hiari yangu, na hata ningeimaliza, dawa inayotembea katika damu haiwezi kuingia ndani ya jino ambalo halina damu tena. Chanzo kinabaki pale pale. Ni lazima usaha utolewe, na jino ama lisafishwe mizizi na kuzibwa, ama ling'olewe. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mvulana wa miaka 12 alikufa baada ya maambukizo ya jino kupanda hadi ubongoni. Familia yake haikuwa na bima. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Si umaskini wa Korogwe peke yake, basi.

Tangu siku ile nimekuwa msumbufu. Mwenzangu akisema jino lilimuuma likaacha lenyewe, namwambia aende akalione daktari wiki hiyo hiyo, hata kama halimuumi. Akiwa amevimba shavu, namwambia aende leo, na kwamba asijitoboe kwa sindano wala asiweke aspirini juu ya ufizi, inaunguza. Na akiwa ana homa, au uvimbe umefika jichoni au shingoni, au mdomo haufunguki, au kumeza na kupumua ni kazi, simwambii kitu, namshika mkono twende hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Desemba iliyopita nilikwenda Korogwe. Bibi alikuwa uani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja na mke mwenzangu?"

Nikacheka, nikakaa. Nikamweleza polepole: gego, kunyamaza, usaha, ulimi. Nikamwonyesha kovu langu chini ya taya. Aliligusa kwa kidole, akaendelea kuchambua. Nilidhani hakunisikia, au hakutaka. Jua lilikuwa limeshahama kutoka kwenye ungo alipoinua kichwa.

"Alilalamika gego," akasema. "Nilimpikia uji."

Kisha akaniuliza: "Na yule mama, alihamia wapi, mnajua?"

Mama yangu, aliyekuwa jikoni, akajibu kwamba alisikia Handeni, lakini ni zamani.

"Ana watoto," bibi akasema. "Tafuteni hata mmoja."

Mpaka sasa tumempata mtu mmoja anayesema anamfahamu binti yake.